Kiwango, Mizani na Kasi: Ushahidi wa Mashapo ya Kilwa katika Historia ya Hewa Ukaa

Ikisiri

Ni kweli kwamba hewa ukaa iliwahi kuwa nyingi angani kuliko ilivyo leo, na ukweli huo hutumiwa mara nyingi kuwatuliza watu kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Makala hii inadai kwamba ukweli huo, ukisomwa pamoja na ushahidi unaouzunguka, unathibitisha kinyume cha utulivu. Kwa kutegemea hasa mashapo ya bahari yaliyochorongwa Kilwa na Lindi, kusini mwa pwani ya Tanzania, inaoneshwa kwamba kiwango cha hewa ukaa hakifasiriki bila kujua kilitokana na mizani gani, kilivuka vizingiti vipi na kilibadilika kwa kasi gani. Dunia ina njia yake ya kurudisha mizani hiyo, lakini kazi hiyo huchukua maelfu hadi mamia ya maelfu ya miaka.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1958 mkemia Charles David Keeling alianza kupima hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi, katika kituo cha Mauna Loa huko Hawaii. Wakati huo kiwango chake kilikuwa takriban sehemu 315 kwa kila sehemu milioni moja za hewa. Mwaka 2024 wastani wa kituo hichohicho ulipita 420. Mapovu ya hewa ya kale yaliyonaswa kwenye barafu ya Antaktika yanaonesha kuwa kabla ya mapinduzi ya viwanda kiwango kilikuwa kama 280, na kwamba katika miaka 800,000 iliyopita kilipanda na kushuka kati ya 180 na 300 hivi bila kutoka humo.

Takwimu hizi wengi wanazikubali. Ubishi huanza kwenye maana yake, na anayezipuuza ana hoja moja ambayo mwanajiolojia hawezi kuikana: dunia imewahi kuwa na hewa ukaa nyingi zaidi. Miaka milioni 50 iliyopita, katika kipindi cha Eosini, kiwango kilizidi 1,000. Jamaa wa mamba na kasa waliishi katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, mahali ambapo leo pana barafu. Uhai haukukoma. Kwa nini basi tuogope 420?

Swali hili linastahili kujibiwa kwa ushahidi wa jiolojia yenyewe, kwa sababu limeulizwa kwa jina la jiolojia. Msimamo ninaoutetea ni kwamba kiwango peke yake hakitupi hukumu yoyote juu ya tabianchi wala juu ya uhai. Ni lazima kiambatane na mizani iliyokizaa, vizingiti kilivyovivuka na kasi iliyokifikisha hapo. Sehemu kubwa ya ushahidi wangu imetoka katika udongo wa pwani yetu, na nitaeleza kwa nini udongo huo umekuwa shahidi muhimu kwa dunia nzima.

2.0 Mizani ya volkano na miamba

Kaboni hutoka ndani ya dunia na kuingia angani kupitia volkano na nyufa za ganda la dunia. Ol Doinyo Lengai, kusini mwa Ziwa Natron, ndiyo volkano hai pekee inayojulikana kutoa lava iliyojaa kaboneti za sodiamu badala ya lava ya kawaida ya silikati. Ni ukumbusho kwamba Bonde la Ufa ni mojawapo ya milango ya kaboni.

Njia ya kutoka angani ni mvua. Matone huyeyusha hewa ukaa kidogo yakawa asidi hafifu, na asidi hiyo hula miamba ya silikati kama bazalti na graniti. Kalisi inayotoka kwenye miamba hiyo hubebwa na mito hadi baharini, ambako matumbawe, konokono na viumbe wasioonekana kwa macho huitumia kujenga magamba ya chokaa. Viumbe wakifa, chokaa huzama na kufukiwa, na kaboni iliyokuwa hewa inakuwa jiwe. Baada ya mamilioni ya miaka mabamba ya ganda la dunia huiburuta chini, joto la huko huichambua, na volkano huirudisha angani. Mfaransa Jacques-Joseph Ebelmen aliuelewa mzunguko huu kwa muhtasari mwaka 1845, na Harold Urey akaurejesha katika mjadala wa sayansi mwaka 1952.

Kilichobaki kuelezwa ni kwa nini mzunguko huo haukuifanya dunia ichemke au igande moja kwa moja. Mwaka 1981 James Walker, P. B. Hays na James Kasting walipendekeza jibu ambalo hadi leo ndilo msingi wa fani hii. Joto likipanda, mvua huongezeka na kemia ya miamba hukolea. Hewa ukaa hulika kwa wingi zaidi na dunia hupoa. Baridi ikizidi, miamba hulika polepole, volkano zinaendelea kutoa, na hewa ukaa hujikusanya mpaka joto lirudi. Kanuni hii inasaidia pia kueleza jambo ambalo Carl Sagan na George Mullen walilionesha mwaka 1972: jua changa lilikuwa na mwanga pungufu kwa kama asilimia 30, na bado dunia ilikuwa na maji ya kutiririka. Jinsi jua lilivyoongeza mwanga, ndivyo mizani ilivyoruhusu hewa ukaa kupungua.

Kuna tawi la pili, la viumbe. Mmea hujenga mwili wake kwa hewa ukaa. Ukioza, hewa hiyo hurudi, na ukifukiwa kabla haujaoza, kaboni hubaki chini. Misitu mikubwa ya kwanza ilipoenea na mabonde yenye kinamasi yakaimeza miti yake, hewa ukaa ilishuka sana na barafu ikatanda katika bara la kusini la Gondwana. Makaa ya mawe ya Mchuchuma na Kiwira ni ya kipindi cha Permi, zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, katika miamba ya Karoo. Ni sehemu ya hewa ya zama zile iliyowekwa akiba ardhini.

Umuhimu wa mizani hii katika hoja yetu uko kwenye kiasi chake. Volkano zote za dunia, pamoja na nyufa zake, hukadiriwa kutoa chini ya tani bilioni moja za hewa ukaa kwa mwaka, na kulika kwa miamba ya silikati huondoa kiasi kinachokaribiana na hicho. Mwaka 2016 watafiti waliopima gesi inayofuka kwenye mipasuko ya eneo la Magadi na Natron walikadiria kwamba tawi lote la mashariki la Bonde la Ufa hutoa tani milioni 71 kwa mwaka. Tafiti zilizofuata zilishusha makadirio hayo. Uchomaji wa makaa, mafuta na gesi hutoa takriban tani bilioni 37. Hata tukichukua kadirio lile la juu, binadamu anatoa zaidi ya mara 500 ya Bonde la Ufa la mashariki.

Upande wa kuondoa nao una mpaka. Nchini Oman, miamba ya peridoti iliyosukumwa juu kutoka chini ya sakafu ya bahari hukamata hewa ukaa na kuigeuza mishipa myeupe ya kaboneti. Peter Kelemen na Jürg Matter walikadiria mwaka 2008 kwamba milima hiyo hukamata kati ya tani 10,000 na 100,000 kwa mwaka ikiachwa katika hali yake ya asili. Ni kazi ya ajabu ya maumbile, na wapo wanaojaribu kuiharakisha. Hata hivyo, ikiachwa peke yake haiwezi kukimbizana na moshi wa mji mmoja mkubwa.

3.0 Udongo wa Kilwa unavyosoma hewa ya kale

Barafu ya Antaktika iliyochorongwa mwishoni mwa karne iliyopita na mwanzoni mwa hii ilitufikisha miaka 800,000 nyuma. Kwa zama za mamilioni ya miaka iliyopita hatuna povu la hewa la kufungua kwa mfululizo usiokatika, hivyo wataalamu hutumia viashiria: idadi ya vinyweleo kwenye majani yaliyogeuka visukuku, kemia ya udongo wa kale, na kemia ya magamba ya foraminifera, viumbe wa bahari wenye seli moja.

Kiashiria cha mwisho ndicho kinachotuleta Kilwa. Boroni iliyo katika maji ya bahari huwa na sura mbili za kikemia, na uwiano wa sura hizo hutegemea pH ya maji. Kila sura ina mgawanyo wake wa isotopu za boroni 10 na 11. Foraminifera akijenga gamba, huchukua zaidi sura moja, na hivyo gamba lake hubaki na kumbukumbu ya pH ya bahari aliyoishi. Kwa kuwa hewa ukaa nyingi angani huifanya bahari iwe na asidi zaidi, anayeisoma pH anaweza kukadiria hewa. Mwaka 2000 Paul Pearson na Martin Palmer walitumia njia hii kuchora historia ya miaka milioni 60.

Tatizo lilikuwa ubora wa magamba. Katika mashapo mengi ya bahari kuu, chokaa ya gamba huyeyuka kidogo kidogo na kuganda upya ikiwa chini ya sakafu yenye baridi, na gamba linapata kemia ya mahali lilipozikwa. Kwa miaka mingi magamba ya namna hiyo yaliwafanya wataalamu waamini kwamba bahari za tropiki zilikuwa na ubaridi hata katika zama za joto kali, fumbo ambalo hakuna modeli ya tabianchi iliyoweza kulifumbua. Mwaka 2001 Pearson na wenzake walichapisha vipimo vya magamba yaliyotoka Tanzania, ambayo yalizikwa katika udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji kirahisi na hayakufukiwa kwa kina kirefu. Chini ya hadubini magamba hayo yanang'aa kama kioo. Yalionesha kuwa bahari za tropiki zilikuwa na joto kweli. Ubaridi uliodhaniwa ulitokana na magamba yaliyoharibika.

Mradi wa uchorongaji uliofuata Kilwa na Lindi, kwa ushirikiano na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC), ulitoa mashapo yanayopita mpaka wa Eosini na Oligosini, takriban miaka milioni 34 iliyopita. Joyce Singano, mtaalamu wa mikrofosili wa TPDC, ni miongoni mwa waandishi wenza wa kazi za mradi huo. Mpaka huo una uzito wa pekee kwa sababu ndipo Antaktika ilipopata ngao yake ya barafu. Kabla yake bara lile lilikuwa na misitu.

Pearson, Gavin Foster na Bridget Wade walichapisha matokeo ya boroni kutoka mashapo haya mwaka 2009. Hewa ukaa ilishuka kabla barafu haijakua kwa wingi, ikapanda tena kwa muda, kisha ikaendelea kushuka taratibu. Wakati barafu inakua kwa kasi yake kubwa, kiwango kilikuwa mahali fulani kati ya 450 na 1,500, na kadirio la katikati ni 760. Miaka sita kabla yake, Robert DeConto na David Pollard walikuwa wametumia modeli ya kompyuta na kutabiri kwamba Antaktika ingeganda hewa ukaa ikishuka hadi karibu mara tatu ya kiwango cha kabla ya viwanda. Modeli iliyojengwa kwa fizikia na gamba lililozikwa pwani ya Kilwa vilifika karibu na jibu moja bila kutegemeana.

4.0 Vizingiti

Funzo la kwanza la Kilwa ni kwamba tabianchi haifuati hewa ukaa kwa mstari ulionyooka. Katika Eosini hewa ukaa ilipungua kwa mamilioni ya miaka na barafu ikabaki kidogo. Kisha kizingiti kikavukwa, na katika muda usiozidi miaka laki chache bara zima likafunikwa na usawa wa bahari ukashuka kwa makumi ya mita. Familia ya foraminifera iitwayo Hantkeninidae, wenye miiba mirefu kwenye magamba, ilitoweka. Kutoweka kwake ndiko wataalamu wanakotumia kuuweka rasmi mpaka wa Oligosini, na mashapo ya Kilwa yanakuonesha vizuri.

Baada ya hapo kushuka kwa hewa ukaa kuliendelea. Mwaka 2023 kundi la kimataifa lililoongozwa na Bärbel Hönisch lilikusanya na kuchuja viashiria vya miaka milioni 66 na kuchapisha mchoro wake katika jarida la Science. Kilele kilikuwa kama 1,600 karibu miaka milioni 51 iliyopita. Mara ya mwisho hewa ukaa kudumu katika kiwango cha leo ilikuwa miaka milioni 14 iliyopita. Ilipofika miaka milioni 2.5 iliyopita ilikuwa kama 270, na katika zama hizohizo barafu ikashika Greenland na kaskazini mwa dunia.

Uhai wa nchi kavu nao ulijipanga upya. Nyasi zenye njia maalumu ya usanisinuru inayoitwa C4, njia inayofaa sana penye joto na uhaba wa hewa ukaa, zilienea duniani kati ya miaka milioni 8 na 3 iliyopita. Mtama, mahindi na miwa ni wa kundi hilo. Hewa ukaa haikufanya kazi hiyo peke yake: utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionesha nyasi za C4 zikiwapo Afrika Mashariki miaka milioni 21 iliyopita, na mvua, moto na kuinuka kwa nchi vina sehemu yake. Hata hivyo, mbuga ambazo jenasi ya binadamu ilizaliwa ndani yake ni za dunia yenye hewa ukaa haba. Visukuku vya kale zaidi vya jenasi ya Homo vina umri wa takriban miaka milioni 2.8. Hakuna babu yetu wa jenasi hiyo aliyewahi kuishi katika angahewa inayodumu juu ya 420.

5.0 Kasi

Funzo la pili linatokana na tukio la miaka milioni 56 iliyopita, kwenye mpaka wa Paleosini na Eosini. Kaboni nyingi ilimwagika angani na baharini katika maelfu machache ya miaka, na dunia ikaongezeka joto kwa nyuzi 5 hadi 6 za Selsiasi. Mashapo ya kusini mwa Tanzania yanalo tukio hili pia. Yanaonesha kwamba bahari ya tropiki ilipanda joto kwa nyuzi zisizopungua 3, na kwamba mito ilianza kumwaga udongo mwingi wa nchi kavu baharini, dalili ya mvua zilizobadilika na mmomonyoko uliozidi. Katika bahari kuu, kati ya asilimia 30 na 50 ya spishi za foraminifera wa sakafuni zilitoweka. Mizani ya miamba ilifanya kazi yake, na ilihitaji zaidi ya miaka 100,000 kuimaliza.

Tukio hilo ndilo linalokaribiana zaidi na wakati wetu katika zama zote zilizofuata kutoweka kwa dinosaria. Bado halilingani nao. Richard Zeebe na wenzake walikadiria mwaka 2016 kwamba utoaji wa wakati ule haukuzidi tani bilioni 1.1 za kaboni kwa mwaka. Sisi tunatoa karibu tani bilioni 10 za kaboni, kiasi ambacho ndicho tani bilioni 37 za hewa ukaa nilizozitaja. Ulinganisho wa karibu zaidi unasema hivyohivyo: dunia ilipotoka katika zama za barafu, hewa ukaa iliongezeka kwa sehemu 80 hivi ndani ya miaka 7,000. Kati ya mwaka 1958 na 2024 iliongezeka kwa zaidi ya 100.

Kasi ina uzito kwa sababu ya kemia. Hewa ukaa ikiongezeka polepole, mito hupata muda wa kuleta kalisi na alkali zinazopunguza asidi ya bahari, na chokaa hubaki salama hata kama hewa ukaa ni nyingi. Ndiyo maana bahari za Kretasia, zama za hewa ukaa nyingi, ziliweza kulimbikiza milima ya chokaa. Hewa hiyohiyo ikimiminwa kwa karne chache, asidi hutangulia na alkali huchelewa, na wajenzi wa chokaa, wakiwemo matumbawe ya mwambao wetu, ndio wanaoumia kwanza. Kwa hiyo viwango viwili vinavyolingana kwa tarakimu vinaweza kuwa na matokeo yanayopingana kabisa.

6.0 Pingamizi na majibu yake

Pingamizi la kwanza husema kwamba mwishoni mwa Ordovisi, kama miaka milioni 445 iliyopita, palikuwa na barafu wakati hewa ukaa inakadiriwa kuwa juu kuliko leo, hivyo gesi hii haitawali joto. Jibu liko kwenye jua. Mwanga wake wakati ule ulikuwa pungufu kwa karibu asilimia 4, na kizingiti cha barafu kilikuwa juu kwa kiasi hicho. Anayelinganisha hewa ukaa ya Ordovisi na ya leo bila kuhesabu jua amelinganisha nusu ya hesabu.

La pili hutokana na barafu ya Antaktika: katika mwanzo wa baadhi ya vipindi vya joto, joto la Antaktika lilianza kupanda kabla ya hewa ukaa. Hili ni kweli kwa eneo hilo, na linaeleweka. Mabadiliko ya mzunguko wa dunia kulizunguka jua yalianzisha joto, bahari ikaachia hewa ukaa, na hewa hiyo ikalieneza na kulikuza joto duniani kote. Kinachodhihirika hapo ni kwamba hewa ukaa inaweza kuwa mwitikio na kisha ikawa chanzo. Safari hii chanzo kinajulikana: isotopu za kaboni iliyoongezeka angani zina alama ya mimea ya kale, yaani nishati ya kisukuku.

La tatu ni la kitaaluma zaidi. Je, kadirio lenye upana wa 450 hadi 1,500 linafaa kujengea hoja? Linafaa kwa swali ambalo linaweza kulijibu. Haliwezi kutupa kizingiti kwa tarakimu moja. Linaweza kutuambia mwelekeo wa badiliko, mpangilio wake kwa wakati, na kama linaafikiana na modeli, na haya matatu ndiyo niliyoyatumia. Isitoshe, upana huo hauleti faraja. Kama kizingiti kiko karibu na mwisho wa chini wa kadirio, tumekikaribia zaidi ya tunavyodhani. Ni kweli kwamba barafu iliyokwisha kukua hujilinda kwa weupe na urefu wake, na huhitaji hewa ukaa nyingi zaidi kuyeyuka kuliko ilivyohitaji ili kuganda. Lakini kinga hiyo haiko sawa kila mahali: Greenland na Antaktika ya magharibi ni dhaifu kuliko ngao kuu ya mashariki.

7.0 Hitimisho

Aliyesema kwamba hewa ukaa iliwahi kuwa nyingi kuliko leo amesema kweli, na ni wajibu wa msomi kukubali hivyo kabla ya kuendelea. Anapokosea ni kwenye hitimisho. Viwango vya juu vya Eosini vilikuwa matunda ya mizani ya mamilioni ya miaka, viliambatana na dunia isiyo na ngao za barafu, na vilishuka taratibu kupitia vizingiti ambavyo kila kimoja kilibadilisha bahari na uhai. Sisi tunavirudia vizingiti hivyo kwa kupanda, kwa kasi ambayo miaka milioni 66 ya kumbukumbu haina mfano wake, huku miji kama Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam ikiwa imejengwa kwa kuamini kwamba bahari itabaki ilipo.

Mizani ya miamba itaondoa hewa ukaa tunayoitoa. Jambo hilo halina shaka. Lakini takriban robo ya kile tunachokitoa leo itakuwa bado angani baada ya miaka elfu moja, na mabaki ya mwisho yatasubiri kulika kwa miamba kwa zaidi ya miaka laki moja. Hakuna sera ya kilimo, ya bandari wala ya maji inayoweza kupangwa kwa muda huo. Kinachoweza kupangwa ni kiasi tutakachotoa.

Kwa wasomi wa Afrika Mashariki yapo pia majukumu mawili mahususi. La kwanza ni kuyaingiza mashapo ya Kilwa na Lindi katika mitaala ya jiografia na jiolojia, ili mwanafunzi wa Mtwara ajue kwamba moja ya kumbukumbu bora za tabianchi ya tropiki iko karibu na kwao. La pili ni kuwafundisha wataalamu wa mikrofosili na jiokemia watakaoyasoma mashapo hayo katika maabara za hapahapa. Ushahidi uliosaidia kuijulisha dunia jinsi Antaktika ilivyoganda ulichimbwa katika udongo wetu. Swali la ni vizingiti gani vilivyobaki mbele litahitaji uchorongaji zaidi katika udongo huohuo, na inafaa watakaouliza swali hilo wawe wenyeji wake.